Shajara ya mradi: dogo wetu ni pointi gadi kweli, au anajua tu kudunda?

Siku ya 1

Leo nimekabidhiwa kazi rasmi. Kocha mkuu wa timu yetu ya mpira wa kikapu kaniita baada ya mazoezi akaniambia, "Nakupa wiki kumi, nataka uniambie huyu dogo tunampa timu aiongoze au tunampeleka pembeni akawe mfungaji." Dogo mwenyewe ana miaka 14, ndo mfupi kuliko wote kikosini, na mpira ukiwa mkononi mwake unanata kama una gundi, akimpita mtu kwa krosiova, ile ya kuhamisha dunda ghafla mkono hadi mkono, benchi zima linasimama. Kwa hiyo kila mtu ameshakata shauri kwamba ni pointi gadi, yaani yule anayepandisha mpira na kuongoza mashambulizi, mama yake anasema hivyo, wenzake wanasema hivyo, hata mimi mwaka jana nilisema hivyo bila kukaa chini nifikirie.

Sasa nimekaa chini. Nikihesabu sababu zetu naziona mbili tu, kwamba ni mfupi na kwamba anajua kudunda. Ya kwanza haina uzito hata kidogo. Magic Johnson alikuwa na mita 2.06 na Muggsy Bogues alikuwa na mita 1.60, karibu nusu mita kati yao, na wote wawili walicheza namba moja, yaani pointi gadi, kwenye NBA, ligi kuu ya Marekani, na wakaimudu. Kimo kinakuambia mtoto atapata shida gani, hakikuambii ni nani. Ya pili ndo inayonisumbua, manake kudunda ni kitu cha kweli, pointi gadi asiyejua kudunda ataliwa mzima na presi, wapinzani wakimbana kiwanja kizima, lakini najua vijana wengi tu waliodunda vizuri sana na timu zao hazikucheza.

Kuna neno letu la Kiswahili nimelikumbuka njiani narudi, mchezeshaji. Siyo mchezaji, mchezeshaji. Yaani kazi yake inaonekana kwa wengine. Nimeliandika kubwa kwenye jalada la daftari ili kila nikitaka kuandika "dogo kafanya hivi" nijikumbushe kuangalia wale wanne wengine walikuwa wanafanya nini.

Mpango: narekodi kila mazoezi kwa simu nikiwa juu kwenye ngazi ili nione watu wote kumi, naandika kwa mkono, na sitoi hukumu kabla ya wiki ya nne hata nikishawishika vipi.

Siku ya 4

Rekodi ya kwanza nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahia tu kama mtazamaji. Mara ya pili nikamtazama dogo pekee. Anapokea mpira chini kabisa kwetu baada ya kikapu cha wapinzani, anadunda mara moja mbili tatu nne akiwa ameinamisha kichwa, ndo anainua macho. Hizo dunda nne za mwanzo hazina kazi yoyote, mkabaji wake yuko mbali, ni mazoea tu ya mkono. Na sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, zinakupa sekunde 8 kuvuka katikati na sekunde 24 kwa shambulizi zima, kwa hiyo anayekula sekunde 3 za kujinyoosha mkono amekula mtaji wa timu.

Mara ya tatu nikafunika upande aliko dogo kwa kiganja nikawatazama wengine tu. Hii imeniuma. Mtoto mmoja wa kona ya kulia, mpiga shuti wetu mzuri, amesimama mikono kiunoni. Shambulizi zima. Lililofuata pia. Nikamfuata leo kabla ya mazoezi nikamuuliza kwa upole kwa nini hajiweki tayari, akaniangalia kama nimemuuliza swali rahisi sana, akasema, "Kocha, akiwa na mpira yeye mi napumzika kidogo."

Nimeyaandika maneno hayo vilevile.

Wiki ya 2

Wiki hii nilianza kuhesabu asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu, na nimeacha. Siyo kwamba asisti ni kitu kibaya, ila kwa umri huu inapima wengine zaidi ya anavyopimwa yeye. Tarehe 30 Desemba 1990 Scott Skiles wa Orlando Magic alitoa asisti 30 kwenye mechi moja dhidi ya Denver Nuggets na hakuna aliyefika hapo NBA mpaka leo, lakini ili ziwe 30 ilibidi watu watumbukize mipira 30. John Stockton ana asisti 15,806, na miaka 18 ya hizo alikuwa timu moja na Karl Malone, mfungaji hatari. Dogo wetu anampasia mtoto wa miaka 13 ambaye kati ya layapu tatu, mipira ya kuweka chini ya ringi, anakosa mbili, hapo ukisema hana asisti unamwonea tu.

Kwa hiyo nimebadilisha. Nahesabu pasi inayozaa shuti nzuri, liingie lisiingie. Shuti nzuri kwangu ni ile mpigaji amepokea akiwa ametulia na hakuna mkono usoni. Nahesabu pia pasi ya kabla ya pasi, ile iliyovunja difensi, ukabaji wao, halafu mwingine akamalizia kwa pasi rahisi akapewa sifa. Tanova nazo, mipira tunayopoteza, nazitenga mafungu mawili. Kuna tanova ya upofu, ambapo mkabaji alikuwa palepale anaonekana na mtu yeyote na mpira ukapelekwa kwake. Na kuna tanova ya kuona mbele, ambapo wazo lilikuwa sahihi ila mwenzake hakulitegemea au mkono haukuwa na nguvu za kulifikisha. Karatasi ya takwimu ya mezani inaziandika zote sawa, ila kwa mtu anayemtafuta pointi gadi hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Chris Paul kwa maisha yake yote NBA ana karibu asisti 4 kwa kila tanova na watu huutaja uwiano huo kama kipimo, ila kwa mtoto uwiano mzuri unaweza kuwa ni woga tu, anapasi pembeni kwa jirani aliye mita mbili na hapotezi mpira milele na timu haisogei.

Halafu kuna jambo la mahali mpira unapotua. Nimesimamisha video kwenye pasi moja ya Jumatano nikaipeleka mbele picha moja moja. Dogo kapenya, wakabaji wawili wamemwendea, mpiga shuti wa kona yuko huru kabisa, pasi imetoka kwa wakati. Ukiwa kiwanjani unapiga makofi. Lakini mpira umemfikia yule mtoto kwenye vifundo vya miguu, akainama, akauokota, akanyanyuka, akageuza mpira atafute mshono wake, akainua mikono, na mkabaji alishafika. Shuti likazuiwa na mtoto akalaumiwa yeye. Pasi ileile ingetua kifuani, upande wa mkono wake wa kupigia, angekuwa ameshaachia. Nikahesabu pasi za dogo kwenda kona za wiki nzima na nyingi zinatua chini ya goti. Hapo sina ubishi, ni kasoro, na inarekebishika: anapasi akiwa bado kwenye kasi ya mwisho, mwili unaanguka mbele, mkono unafuata mwili.

Wiki ya 3

Nilikuwa na matumaini makubwa na jaribio la video. Ni njia inayotumika sana kwa wanaochunguza wachezaji, unaonyesha mchezo halafu unausimamisha sekunde moja kabla ya tukio, unamuuliza mtoto nini kinafuata. Nimeandaa vipande kumi na mbili, nimemkalisha dogo, nimemuuliza kila kipande: nani atakuwa huru? Siyo nani yuko huru sasa hivi, nani ATAKUWA huru, manake mpira nao unasafiri, ukimpasia aliye huru sasa utamkuta ameshakabwa.

Kafanya vibaya. Karibu kila kipande alimtaja aliye huru muda huo, au alikaa kimya akachezea kamba ya kiatu. Nilitoka pale nimevunjika moyo kweli, nikaandika kwenye daftari "haoni" na nikapiga mstari chini yake. Kocha mkuu aliponiuliza nikamwambia naona tunampeleka pembeni.

Naliacha neno hilo hapa bila kulifuta kwa sababu wiki ya nne imelipindua.

Wiki ya 4

Kilichotokea ni hiki. Kipindi cha Jumanne nilikuwa na dakika 20 za kujaza, nikaweka mchezo wa nne kwa nne kiwanja nusu, marufuku kudunda. Ukipokea una pasi, una shuti, una kuzungusha mguu mmoja, basi. Niliuweka kwa ajili ya wale wengine, wajifunze kukata kuelekea ringi badala ya kusimama, dogo sikumfikiria kabisa.

Dakika mbili za kwanza alihangaika kama samaki nchi kavu. Mara mbili akadunda kwa mazoea nikapuliza filimbi. Halafu ikatokea. Mpira ulikuwa bado uko kwa mwenzake upande wa pili, unakuja kwake, na kabla haujamfikia nikamwona anageuza shingo, bega la kulia, bega la kushoto, haraka, kama mtu anayevuka barabara. Akapokea. Macho yake yakaenda kona, mkabaji wa kati akaliamini lile jicho akasogea hatua moja, na mpira ukaondoka kwa mkono mmoja pembeni ya nyonga yake kwenda katikati ya boksi, lile eneo la mbele ya ringi, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mtu kwa sababu senta, mtu wetu mkubwa wa chini ya ringi, alikuwa ndo kwanza anaanza kugeuka. Mpira ukamgonga begani ukatoka nje. Watoto wakacheka, dogo akainua mkono kuomba msamaha.

Mimi nilikuwa nimesimama na filimbi mdomoni siipulizi. Ile ndo ilikuwa pasi bora niliyoiona kiwanja kile mwaka huu na kwenye karatasi ni tanova.

Dakika zote zilizobaki nilimtazama shingo tu. Aligeuka kabla ya kupokea karibu kila mara. Alivyo na ruhusa ya kudunda, hageuki, kwa sababu hahitaji, mkono wake unamwambia "pokea kwanza, tutaona baadaye". Ukimnyang'anya dunda anabaki na macho peke yake na macho yapo, yapo sana. Kumbe kile tulichokuwa tunakitaja wote kama ushahidi kwamba ni pointi gadi ndicho kilikuwa kinaufunika ushahidi wenyewe.

Na lile jaribio la video? Nimelifikiria usiku mzima. Nilikuwa nimepima uwezo wa mtoto kueleza kwa mdomo mbele ya mtu mzima anachokijua kwa mwili, na nikauita uwezo wa kuona. Vitu hivyo havilingani. Jaribio ni zuri ila nilipaswa kumpa mpira mkononi, video isimame, apasi kuelekea ukutani upande anaouona, asiseme neno. Nimerudia hivyo Ijumaa kwa vipande vipya na kafanya vizuri, siyo vyote, ila huyu siyo mtoto yule wa wiki iliyopita.

Nimeenda kwa kocha mkuu kumwambia nimekosea na naomba wiki sita zilizobaki nizitumie zote. Kakubali.

Wiki ya 5

Ukumbi ulikuwa na shughuli nyingine, tumepata mazoezi mara moja tu. Nimeendelea na mchezo bila kudunda, halafu nikaruhusu dunda moja, halafu mbili. Kwenye mbili bado anageuza shingo. Kwenye dunda huru anarudi kuinama. Basi ndo mpaka wake uko hapo, nimeuona.

Wiki ya 6

Skrini, yaani mwenzako anasimama kumzibia njia mkabaji wako ili upite. Hapa ndo nilitaka kufika, kwa sababu kwa mchezo wa siku hizi namba moja anaishi ndani ya skrini, na mtu hawezi kujificha humo.

Nimeanza wawili kwa wawili. Makosa ya kwanza ya watoto wote ni haraka, skrini haijasimama wao wameshaondoka, mkabaji anapita katikati kama hakuna kitu. Dogo anasubiri. Anasubiri mpaka bega la senta limegusa, anapita bega kwa bega na senta, mkabaji wake hana nafasi. Hilo sikumfundisha mimi na sijui kalitoa wapi.

La pili ni kujua umsome nani. Wengi wanamtazama anayewakaba wao wenyewe, wakati huyo ameshagongwa na skrini ameisha. Wa kumsoma ni yule anayemkaba senta. Akibaki nyuma, una nafasi ya shuti au kupenya taratibu. Akipanda juu kukuzuia, senta yuko huru anaelekea ringi. Wakibadilishana, una mtu mrefu mzito mbele yako na senta ana mtu mfupi mgongoni. Wakikubana wote wawili, kuna watatu wetu dhidi ya wawili wao nyuma, mpira utoke tu. Nilimwambia yule wa kumkaba senta abadilishe kila zamu bila kumtangazia. Akibaki nyuma dogo anajua. Akipanda, dogo anapitisha mpira wa kudundisha chini, katikati ya wakabaji wawili, kwenye kichochoro ambacho mimi nikiwa pembeni sikukiona mpaka mpira umeshapita. Nilimrudisha mara tano nikidhani ni bahati, na mara nne kati ya tano ilipita.

Wakimbana wawili ndo matatizo yanaanza. Anashika mpira kwa mikono miwili. Ukishashika umekwisha, huwezi kudunda tena, na FIBA wanakupa sekunde 5 tu ukiwa umekabwa kwa karibu, watu wananusa hofu wanakuja. Anatakiwa arudi nyuma dunda mbili akiwa amewatazama, awavute watoke kwenye eneo lao, ndo apasi. Nimemwonyesha video za Steve Nash, yule aliyekuwa MVP, mchezaji bora wa NBA, mwaka 2005 na 2006, alivyokuwa anaingia boksi haoni kitu basi anapita nao hadi chini ya ringi anatokea upande wa pili bado anadunda, mpira uko hai, na wakabaji wameshasahau watu wao wanamfuata. Dogo alitazama kimya halafu akauliza, "Kwa hiyo kocha siyo lazima kitu kitokee palepale?" Nikamwambia siyo lazima. Akaomba airudie tena.

Nimeandika swali lake kwa wino mwekundu. Mtoto anayeuliza hivyo anafikiria muda, hafikirii nafasi peke yake.

Wiki ya 7

Mechi ya kirafiki, tumepoteza, haina neno.

Nimeandika mambo mawili, moja zuri. La zuri: tumechukua ribaundi ya ofensi, yaani shuti letu limekosa tukaudaka mpira wenyewe, saa ya shambulizi ikarudi kwenye sekunde 14, wenzake wote wakataka kurusha palepale kwa presha, yeye akautoa mpira nje, akainua kiganja, akapoza mchezo, tukapata shuti ya kona safi. Hakuna aliyemwelekeza kutoka benchi.

La pili nimelikuta kwenye video tu, kiwanjani sikuliona. Robo ya pili senta wetu, mtoto mzito ambaye kukimbia ni kazi kwake, kachukua ribaundi kapasi kwa dogo halafu kakimbia kiwanja kizima, mita 28, kafika mbele ya kila mtu, mkono juu. Hakupewa. Shambulizi la pili tena, kafika mbele, mkono juu, dogo kapiga chenga yake kafunga mwenyewe, watu wakashangilia. Shambulizi la tatu senta katembea. Robo zote zilizobaki katembea. Tulipoteza ribaundi za mwisho kwa sababu hakuwepo, na mimi nikiwa kwenye benchi nilimfokea kwa uvivu. Roho iliniuma kuiona ile video. Yule mtoto hakuwa mvivu, alikuwa amejibu.

Pointi gadi ndiye wa kwanza kutakiwa kulijua hilo, kabla ya kocha. Pasi kwa anayekimbia siyo pointi mbili tu, ni mshahara wake, usipomlipa haji kazini.

Na kingine, hasemi. Mpira umekufa, faulo, watu wanasubiri, yeye anajua kabisa nani anapwaya upande wa pili, nilimuuliza baadaye akanitajia kwa jina na namba ya jezi, lakini pale kiwanjani alikuwa anatazama viatu vyake.

Wiki ya 8

Nimekaa na kocha mkuu na mama yake dogo. Mama anataka kujua kama mwanae atarefuka na mimi nimemwambia kwa heshima zote mama hilo tusiliweke mezani. Watoto wa umri huu miili inawadanganya makocha kila siku, aliyebalehe mapema anaonekana fundi kumbe ana nguvu tu, na aliyechelewa anaonekana hana kitu. Anthony Davis alikuwa gadi kwa kimo cha kawaida halafu akiwa sekondari akarefuka kwa takriban sentimita 20, akawa mtu wa ndani, wa karibu na ringi, mwenye mikono ya gadi. Kwa hiyo hata dogo akirefuka, macho na mikono hatavipoteza.

Kilichotusaidia ni kutenga karatasi mbili. Ya kwanza, kasoro ambazo umri utazimaliza. Pasi yake ndefu ya kuvuka kiwanja upande hadi upande inafika imechoka, imepanda juu kama puto, mkabaji ana muda wa kuifuata. Jicho limeona, mkono haujaweza, na mpira ni saizi 7, uzito wa watu wazima. Hiyo tusimhukumu nayo. Ya pili, kasoro ambazo umri hautazigusa tusipozishughulikia: mkono wa kushoto ambao akibanwa anaukimbia, kushika mpira kwa mikono miwili akitegwa, kimya chake, na yule senta.

Kocha mkuu akaleta suala la kasi, kwamba dogo siyo mkimbiaji. Kweli siyo. Lakini Luka Dončić aliingia ligi ya Hispania na Real Madrid mwaka 2015 akiwa na miaka 16 na hakuna hata siku moja aliyesifiwa kwa mbio, anasifiwa kwa kusimama. Anakwenda, anapunguza, mkabaji anapita, yeye amebaki. Kubadilisha mwendo ndo kasi yenyewe kwa namba hii, na dogo hilo analo tangu zamani, lile la kusubiri skrini ni hilohilo.

Difensi yake inatosha. Anachoka mapema, basi.

Wiki ya 9

Nimempa kazi moja tu, hakuna kingine: kila mpira ukifa, mwambie mtu mmoja kitu kimoja. Siku ya kwanza alinong'ona. Ya pili akamwambia mpiga shuti wa kona, "Nikipita kushoto usikae hapo, panda juu kidogo, yule anakuzibia." Mpiga shuti akapanda juu. Pasi ikaja, ikatua kifuani upande wa kulia. Kakosa shuti, ila nimeihesabu.

Sikumwambia lolote kuhusu senta. Nilishika simu mara tatu nimtumie ile video nikaiweka chini. Nilitaka kujua kama ataliona mwenyewe, manake nikimwambia mimi nitakuwa nimepima utii.

Wiki ya 10

Jumatano nilifunika tena upande wa dogo kwa kiganja kama siku ya nne, nikatazama wanne waliobaki. Yule wa kona magoti yamepinda, viganja viko wazi mbele ya kifua, shambulizi baada ya shambulizi, hata lile ambalo mpira haukumfikia. Nikamuuliza tena swali lilelile. Akasema, "Siku hizi unaweza kushtukia umefika."

Leo mechi ya mwisho ya mradi. Ripoti nimeshaiandika jana usiku na ni hii: ndiyo, ana jicho, ana subira na anajua muda, timu apewe. Kudunda kwake tukupunguze kwa makusudi mazoezini, michezo ya dunda mbili angalau nusu ya kila kipindi, mpaka shingo igeuke yenyewe hata akiwa huru. Mkono wa kushoto na kubanwa na wawili, kazi ya kila siku. Sauti, bado mbichi. Tukae tena baada ya miezi mitatu. Pale kwenye mstari wa "anawalipa wanaokimbia" niliacha wazi.

Robo ya kwanza, dakika ya pili, senta kachukua ribaundi kampa dogo. Kaanza kukimbia, siyo kwa moyo, kama mtu anayetimiza wajibu. Dogo alikuwa na njia nyeupe mbele yake, mkabaji mmoja tu, angempita kama kawaida. Akainua kichwa kwenye dunda ya kwanza akarusha kwa mikono miwili, mpira mrefu kuliko nguvu zake, ukapanda juu kama puto, senta ikabidi arudi hatua mbili kuusubiri na mkabaji akawahi kuugusa ukatoka nje. Tanova. Kocha mkuu akanigeukia. Dogo alikuwa anarudi kukaba kinyumenyume huku anamnyooshea senta kidole, na anaongea, sikusikia anasema nini kwa makelele, ila nilimwona senta akiitikia kwa kichwa.

Nimejaza ule mstari palepale kwenye benchi. Senta alikimbia mpaka robo ya nne.